Koti la Brigedia

Mwezi uliopita nilivuka mto Kilombero kwenda Lupiro, na nusura nisijue kama nimevuka. Basi lilipita juu ya daraja bila hata kupunguza mwendo, na kijana wa kiti cha mbele hakuinua macho kwenye simu yake. Wewe uliyevuka zamani unajua mto ule ulivyotuweka foleni. Kivuko kiko ng'ambo, jua linawaka, baiskeli zimejipanga na magunia ya mpunga, na kina mama wauza samaki wanakuambia kula tu mwanangu, leo hakiji hicho. Nilitafuta kwa macho pale kilipokuwa kikitia nanga, nikaona matete matupu.

Shangazi ndiye aliyeniita. Nyumba ya Bibi inabomolewa, akasema, njoo uchukue unachotaka kabla panya hawajamaliza. Ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge, nikakuta koti la mvua la kijani, zito, limechanika kwapani, kifungo kimoja hakipo. Nikakaa chini sakafuni. Lilikuwa koti la Brigedia.

Nilikuwa na miaka kama minane Brigedia alipostaafu jeshi na kurudi kwao, miaka ya tisini mwanzoni. Usimchukulie mtu wa hivi hivi. Watu wazima walisema kwamba katika vita vya Kagera aliongoza maelfu ya askari, na neno lake moja lilikuwa likihamisha kambi nzima. Alirudi na mke mpole, mguu wa kushoto unaoburuzika, na koti lile. Mwenyekiti wa kijiji alipoongea naye alijikuta amesimama mguu sawa bila kuambiwa. Sisi watoto tukimwona njiani tulitupa shikamoo kwa mbali na kutokomea mpungani.

Aliyekuwa hamwogopi ni mmoja tu, Bibi yangu. Ukoo wetu na ukoo wa Brigedia walikuwa watani tangu enzi za mababu, na mtani haoni cheo. Mashamba yao yalipakana. Msimu mpunga ulipoanza kutoa masuke, kila familia ilihamia shambani, kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, kuamia ndege. Sisi watoto tulitoka shule tukaenda moja kwa moja huko, kuvuta kamba zilizofungwa makopo na kupiga kelele mpaka sauti zikauke.

Brigedia aliona tunafanya kazi kienyeji. Akatupanga mistari. "Kikoooosi! Kulia... vuta!" Tunavuta kulia, kwelea kwelea wanaruka wote kama vumbi, wanakwenda kutua kushoto. "Kushoto... vuta!" Wanarudi kulia. Bibi alikuwa juu ya dungu lake anajishika mbavu.

"Afande! Kagera ulivuka, kwelea wamekuweza!"

"Nyamaza wewe! Ungekuwa jeshini ungelala lokapu!"

"Na nani angekupikia, mla bure?"

Jioni alikuja kula bure kweli. Bibi alikaanga mpunga mbichi, akautwanga ukiwa bado wa moto, ikatoka pepeta, laini na yenye harufu ambayo mpaka leo nikiikumbuka mate yananijaa. Tulikula kwenye ungo mmoja, yeye, mke wake, Bibi na mimi. Baada ya kula Bibi aliweka mchi begani, akaburuza mguu wa kushoto, akatoa sauti ile ile ya Brigedia, nzito, inayokatika katikati. Brigedia alicheka mpaka akatoka machozi. Mtu aliyetetemesha majeshi, anachekwa na bibi kizee, na hilo ndilo lililokuwa likimponya. Siku hizo sikujua. Niliona mchezo tu.

Alasiri moja mvua ilitukamata tukiwa wote kwenye dungu letu. Alivua koti akanifunika mimi. Lilinuka tumbaku na dawa ya kuchua. Nikajifanya nimelala, kama watoto wafanyavyo wakitaka kusikia ya wakubwa.

"Mtani," alisema, na hakuwa anatania. "Ulishawahi kusema mtu asiyezikwa na watani wake hakuzikwa, amefukiwa."

"Ndivyo ilivyo."

"Vijana wangu kule niliwaweka migombani. Shimo fupi, haraka haraka, mvua kama hii. Hakuna mama wa kulia, hakuna mtani wa kucheka. Wengine walikuwa watoto kabisa. Wale niliwafukia." Mvua ikapiga nyasi za paa. "Mimi jeshi litakuja kunichukua, na bendera, na ratiba. Usikubali nifukiwe."

Bibi akasema, "Wewe kufa tu. Koti lako nimeshalipenda." Lakini nilichungulia, nikaona amemshika mkono.

Mwaka wa tatu tangu arudi, mpunga ukiwa umeinamisha vichwa, moyo wa Brigedia ulisimama asubuhi akifunga kamba za makopo. Walimpeleka Ifakara, na siku ya tatu akarudi kwenye kivuko ndani ya jeneza lililofunikwa bendera. Safari ile hawakupakia baiskeli hata moja. Askari walijipanga pembeni ya jeneza, vijana wenye viatu vinavyong'aa, na watu wa Lupiro wakasimama ukingoni. Hata kulia waliogopa.

Kapteni aliyeongoza mazishi alikuwa kijana mrefu mwenye karatasi mkononi. Bibi alimfuata akamwambia watani wana kazi yao kabla mtu hajashushwa.

"Mama, haya ni mazishi ya kijeshi. Kuna ratiba. Mizaha hapana."

"Shikamoo hunipi, unanipa ratiba?"

Kapteni akaona haya. "Shikamoo, mama. Lakini haiwezekani."

Wazee wetu wenyewe wakamvuta kanga, mama acha, utatuletea balaa. Bibi akawatazama mmoja mmoja. Kisha akaondoka kuelekea nyuma ya nyumba, na mimi nikaanza kulia. Nilijua ahadi ile, na niliona imekufa.

Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya kaburi, karibu na la mama yake. Askari wamesimama kuliangalia. Ghafla nyuma yao ikatoka sauti nzito inayokatika katikati.

"Kikoooosi! Nyuma... geuka!"

Wakageuka! Wote, kwa mkupuo mmoja, na viatu vikalia. Mbele yao amesimama bibi kizee, koti la mvua linagusa vifundo vya miguu, mchi begani, mguu wa kushoto unaburuzika. Kisha mke wa marehemu, ambaye kwa siku tatu hakuwa amesema neno, akacheka. Alicheka kwa sauti, na katikati ya kicheko kile ndipo kilio chake kilipopata njia. Msiba mzima ukalia naye.

Bibi akakagua gwaride. "Wewe, umekula? Mkanda umelegea! Adui yuko mpungani, nyie mmenikodolea macho!" Sajenti mmoja mwenye mvi, aliyepigana naye Kagera, akampigia saluti huku machozi yanamdondoka. Kapteni akakunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

Wakasogeza jeneza pembeni, Bibi akashuka kaburini, akajilaza, akatangaza kwamba pamebana, tumbo la mla bure halitaingia. Watu wakacheka tena. Lakini alipojaribu kuinuka miguu ilikataa. Akabaki kule chini ameshika udongo, hatanii tena, anasema tu mtani wangu, mtani wangu. Sajenti na Kapteni ndio waliomtoa, kila mmoja mkono wake.

Mizinga ilipolia, kwelea wa bonde zima waliruka mara moja, wakatia giza, wakaenda zao milimani. Bibi akaangalia juu. "Haya," akasema taratibu. "Leo umewaweza."

Madungu yamepungua sasa, na wanaojua nani mtani wa nani wamepungua zaidi. Bibi alifariki mimi nikiwa mtu mzima, mwenye kazi mjini. Mtani wake alikuwa ametangulia, na wa kumwigiza hakuwepo. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini wewe unajua, mjukuu ni mtani wa bibi yake tangu anazaliwa. Mimi nilijua anavyotembea, anavyoita, anavyojishika mbavu. Kulikuwa na kipaza sauti, sare za kitenge, mshereheshaji mwenye ratiba. Nilikuwa nimevaa viatu vizuri, nikaona aibu, nikakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka mwisho.

Kila kitu kilikwenda kwa wakati, watu wakasifu. Bibi yangu tulimfukia, na koti lilikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa.