Kunguru wa Majani

Nyanya yangu hakutaka kwenda Bara Hindi. Alikubali kwa ajili ya babu tu. Babu alikufa wakati vita vimepamba moto, akachomwa kwa desturi yetu ya Kihindu, na majivu yake yakakaa hekaluni ndani ya chungu cha shaba, yakingoja meli. Meli zilipoanza kubeba abiria tena, baba mkubwa, ndugu yake baba na mwenye sauti katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, alisema twende sote tukayatie mtoni na kuwalisha wazee wetu waliotangulia.

Tulipokuwa tukifunga mizigo nyanya aliniambia, "Nikishamaliza kazi ya babu yako, narudi dirishani kwangu." Dirisha lake lilitazamana na la jirani, bibi wa Kiswahili aliyekuwa shoga yake tangu nyanya alipoletwa Mombasa bibi arusi. Kichochoro kilikuwa chembamba, wakipeana maembe bila kuinuka. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, macho yamefunguka, na nilikuwa nimemwona mke wa baba mkubwa akikipima chumba cha nyanya kwa mkono, akiwaza majora ya nguo ya duka letu yatakaa vipi humo.

Watu husema mto ule ni mtakatifu. Mimi niliona maua yaliyooza na samli iliyoganda juu ya maji, na makuhani wakitugombania kwa kutuvuta nguo. Majivu yalipokwisha tiwa majini, baba mkubwa alikaa kifua wazi, tumbo limemtangulia, akafinyanga matonge ya wali na ufuta, akayapanga juu ya majani mapana. Kwetu sisi, kunguru wakila matonge hayo, marehemu ameridhika. Wasipokula, ana haja iliyomkwama, na walio hai hawana budi kuitaja haja hiyo na kuahidi kuitimiza.

Kunguru walijaa ukutani, na hawakula. Baba mkubwa aliahidi kulisha makuhani. Hawakula. Akaahidi kuchimba kisima kijijini kwa babu. Kunguru mmoja akajichokoa mbawa, akatugeuzia mkia. Hapo nyanya, katika sari yake nyeupe ya ujane, akasema taratibu, "Anataka mimi nirudi nyumbani."

Baba mkubwa alimsikia. Niliiona shingo yake ilivyokakamaa. Lilitakiwa neno moja tu, "Utarudi," na angeliweza kulisema hata kwa uongo. Badala yake alimwinamia kuhani, wakanong'onezana. Kuhani akachukua majani makavu, akayasokota hadi yakawa na kichwa na mkia. Desturi inaruhusu hivyo kunguru wa kweli wakikataa. Akawa anayadonoa matonge kwa mdomo wa kunguru wake wa majani, moja baada ya jingine, na baba mkubwa akaunganisha viganja, akasema, "Baba amekula. Ameridhika."

Kisha wakakaa kula ladu, vile vidonge vitamu vya unga na samli. Baba mkubwa alikula huku samli ikimteremka kidevuni, akailamba kwenye vidole, akaomba nyingine. Mpaka leo sili ladu, na nikialikwa harusini nasema nina sukari.

Kutoka mtoni tulipitia kijijini kwa babu, na siku ya kuondoka huko nyanya alikuwa amekwisha funga kibunda chake. Baba mkubwa alimgusa miguu kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyonikirihi zaidi. "Mama, wewe pumzika hapa kwenu," akamwambia. Baba yangu alitazama viatu vyake. Nyanya aliniangalia mimi, hakulia, akakaa juu ya kibunda.

Tuliporudi Mombasa yule jirani alikuwa dirishani. "Nyanyako yu wapi?" akauliza. Baba mkubwa akanitangulia kujibu: amezeeka, amerudi kwao.

"Mumemwata?" Bibi yule alimkazia macho. "Ng'ombe avundikapo guu hurejea zizini, bwana. Na zizi lake ni hili hapa." Alifunga dirisha. Baba mkubwa akacheka kidogo, akaenda kuwaonyesha wapagazi pa kuweka majora.

Nyanya hakumaliza mwaka. Habari ilipofika, baba mkubwa alivaa uso wa msiba, na siku ya kumlisha ilipowadia akapikisha chakula alichokipenda nyanya. Mimi nikapewa sahani niipandishe juu ya paa, pale tulipozoea kuanika nguo. Kunguru wa Mombasa hawana adabu wala swaumu. Hula hata matumbo ya samaki. Walikuja kabla sijaweka sahani chini. Baba mkubwa alilijua hilo, na ndiyo maana alikuwa chini amekwisha nawa, akingoja kula.

Nilichukua ufagio wa chelewa uliokuwa pale mlangoni, nikawafukuza.

"Wamekula?" akauliza kutoka ngazini.

"Bado."

Aliahidi kulisha maskini. Nikasema bado. Akaahidi taa ya hekaluni. Kunguru walinizunguka wakipiga kelele, nami nikizungusha ufagio, jasho likinitoka, sijapata kuwa na raha namna ile. "Basi anataka nini?" akauliza mwishowe, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Unajua anachotaka," nilisema. "Alikuambia mtoni."

Nilidhani labda analia, na kwa kitambo kidogo nikataka kumhurumia. Kisha nikamsikia akimwambia mkewe, "Katafute majani makavu." Mkewe akamwuliza majani atayapata wapi, huku mawe matupu. "Basi lete chelewa za ufagio," akasema. "Nitasokota mwenyewe."

Mkewe akatafuta jikoni, akatafuta nyuma ya mlango, akatafuta hata chumbani kwa nyanya, katikati ya majora. "Ufagio hauonekani," akasema.

"Ninao mimi," nikawajibu, na sikushuka.