Polisi Waliniita Mkurugenzi

Naandika kwa simu ya kuazima, mtanisamehe.

Siku ile nilikuwa napiga deki, polisi wawili wakaingia ofisini.

"Mkurugenzi nani hapa?"

Nikasema bosi Innocent hajaonekana siku ya tatu. Mmoja akatazama karatasi zake, akanitazama mimi, kisha ndala zangu.

"Ni wewe, dada. Saini yako hii hapa."



Mimi niliishia darasa la nne, kijijini kwetu Matombo, kule milimani. Innocent ni mtu wa nchi jirani, alinichukua nichemshe chai kwenye ofisi yake ya sarafu za mtandaoni, Mwembesongo, huku mjini. Akaomba namba yangu ya kitambulisho cha NIDA na saini, eti za mshahara. Kumbe alitaka jina la Mtanzania la kuandikishia kampuni.

Ukutani alitundika leseni ya Kiingereza, ina muhuri wa dhahabu. Kila asubuhi naifuta vumbi.

Siku moja mama mdogo Modesta akashuka kutoka Matombo na wenzake wa kikoba, pesa yao ya mdalasini wameifunga kwenye kanga. Akaninong'oneza, "Mwanangu, hawa wana kibali kweli?"

Nikamwonyesha ukuta.

"Umeisoma?"

Wenzake wote wananiangalia. Nina sare, nina kitambulisho shingoni. Nikaona aibu.

"Nimeisoma, mama. Iko sawa."

Wakaweka yote.

Kituoni, afande Yasmin akanitafsiria ile leseni polepole. Haikuwa feki. Ilikuwa halali kabisa, ya huko kwao. Mstari wa mwisho unasema hairuhusiwi kufanyia biashara nje ya nchi hiyo.

Miezi saba nilikuwa naung'arisha mstari huo.

Lakini nikapata tumaini. Nikasema mimi Kiingereza sijui hata neno, muulizeni mama mdogo, ndiye aliyenilea.

Wakamwita. Alikaa bila kuniangalia.

"Ni kweli hajui kusoma Kiingereza?"

"Afande, aliishia la nne. Lakini nilimuuliza kwa mdomo wangu, akasema ameisoma. Nikajua mji umemfundisha."

Ikaandikwa hivyohivyo.

Sasa niko nje kwa dhamana, naripoti kila Jumatatu. Innocent yuko kwao na pesa za watu, na huko leseni anayo. Matombo sijapanda tena.

Ndugu zangu, kibali cha nchi ya watu hakivuki mpaka pamoja na mwenye nacho. Ulizia cha hapa.

Na ukiulizwa usichokijua, sema sijui. Aibu yake ni ya siku moja. Hii yangu naamka nayo kila siku.