Pale Mama Safi Alipotukataza Kulala

Harufu ya shitingi iliyopigwa na jua bado hunirudisha Gisenyi. Nazungumzia ile plastiki ya buluu waliyogawiwa wakimbizi, ambayo miaka ile kila nyumba ilikuwa na kipande chake. Wengine waliezekea jiko, wengine walianikia mihogo, na baba yangu alikikunja kingo, akakishona kwa cherehani yake, akapata hema. Hunuka kama ndoo mpya iliyosahauliwa nje. Juzi nilipita karibu na ghala moja, nikainusa, nikasimama njiani kama mtu aliyeitwa jina.

Baba alikuwa fundi cherehani. Tulikuwa tumerudi kutoka Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chetu kilitutangaza kabla hatujataja majina. Wakati ule kila mtu mjini alikuwa ametoka mahali fulani, na watu walipimana kwa mahali hapo. Hakuna aliyeuliza waziwazi. Walikuuliza bei ya viazi, huku wakisikiliza lafudhi yako.

Mtu aliyesikilizwa hivyo kuliko wote mtaani kwetu alikuwa Mama Safi. Aliuza vitenge, alivuka mpaka kwenda Goma, upande wa Kongo, karibu kila asubuhi, na hakuwa na mume wa kuonekana. Wateja walimletea baba vitenge walivyonunua kwake, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga dukani kwetu. Tena alikuwa akivua samaki kwa ndoana, peke yake, jambo ambalo wanawake wa mtaani walilitaja kwa sauti ya chini, kana kwamba ni ugonjwa.

Baba naye alipenda ndoana. Alikulia kando ya mto Kagera, na kwake uvuvi ulikuwa na adabu zake kama kula mezani. Ukimkuta mtu majini, msalimie kwanza, kwa sauti ndogo. Kivuli chako kisianguke mbele yake. Usirushe kamba juu ya kamba yake. Samaki asiyezidi kiganja mrudishe, tena kwa mkono uliolowa, usije ukambandua ute wake. "Anayevua kwa haraka," alikuwa akisema, "huondoka na ndoana aliyokuja nayo."

Basi likizo moja ya kiangazi, milio ya risasi milimani ilipokuwa imetulia, baba aliamua kutupeleka ziwani mimi na mdogo wangu Neema, tulale hukohuko ili alfajiri itukute majini. Kutokea nyumbani usiku haikuwezekana, maana barabarani palikuwa na kizuizi ambacho hakikufunguliwa kabla ya kupambazuka. Baba akaomba ruhusa kwa nyumbakumi, kiongozi wetu wa mtaa. Yule bwana aliuliza tutalala upande gani, tutapika nini, na kwa nini hasa. Mwisho akasema tusiwashe moto mkubwa wa kuonekana ng'ambo, Kongo.

Tulishuka Rubona kwa basi dogo, tukaendelea kwa miguu hadi kupita chemchemi ya maji moto, kwenye kighuba chenye mawe meusi. Na juu ya jiwe zuri kuliko yote alikuwa ameketi Mama Safi, fimbo ya mwanzi mkononi.

Baba alimsalimia, kwa sauti ndogo kama adabu ilivyotaka. Akaitikia bila kugeuka. Tulipofika mbali kidogo, baba akaninong'oneza, "Huyu anamngoja mtu. Mwangalie anavyotazama ziwa." Mimi niliona mvuvi anayetazama kamba yake. Lakini nilikuwa mtoto mtiifu, nikaanza kumtazama kwa jicho la baba, na kweli, ukimtazama mtu hivyo, hata kujikuna kwake huonekana kama ishara.

Nyuma ya mawe palikuwa na bonde dogo, kama bakuli, lenye majani laini na lililokingwa na upepo. Baba alifurahi. Alitandika shitingi ndani yake, akaweka sufuria na blanketi. Hapo Mama Safi akaweka fimbo chini, akatujia.

"Baba Furaha," alisema. Furaha ni mimi. "Usilalishe batoto mu ile fasi. Haiko muzuri."

"Pana nini?"

"Iko mazuku." Baba alipomkazia macho, akaongeza, "Mupepo mubaya. Inatoka mu udongo. Mulale kule juu."

"Umejuaje?"

Mama Safi aliangalia mikono yake. "Najua tu," akasema, akarudi kwenye jiwe lake.

Baba alicheka puani. Kule juu kulikuwa wazi, na upepo ungetung'oa. Alikuwa na hakika kwamba yule mama alitaka tuondoke kabla ya mtumbwi fulani kufika kutoka ng'ambo. Muda mfupi baadaye nikaokota kitu kilichozidi kumtia shaka: ndege mdogo aliyekufa kwenye majani ya bondeni, na kando yake mjusi. Hawakuwa na jeraha, wala siafu hawakuwa wamewagusa. Nilimpelekea baba. Aliwanusa, uso ukambadilika. "Sumu," akasema. Huko Karagwe aliwahi kuona watu wakitia sumu mtoni wapate samaki wa bure, na hakuna kitu alichokichukia zaidi. "Msile chochote atakachowapa. Kaa karibu na Neema, na huyo mwanamke asikutoke machoni."

Tukavua. Chombo cha kuelea cha baba kilikuwa kipande cha kandambili, na risasi ya kuzamishia ilikuwa nati ya baiskeli. Alinifundisha kutomvuta perege anapogusa mara ya kwanza. "Huyo anaonja. Mwache ameze." Tulipata wawili wa kiasi, na kwa kitambo nilimsahau Mama Safi.

Jua lilipoanza kugusa milima ya Kongo, upepo ulikatika ghafla na ziwa likalala kama shuka. Neema, aliyekuwa amechoka kucheza, alikuwa ameshuka bondeni kujinyoosha kwenye shitingi. Mimi nilikuwa juu ya mawe, nikimchunga adui. Nikamwona Mama Safi akigeuza kichwa, akiangalia bonde. Kisha akatupa fimbo yake, akakimbia. Alisimama ukingoni, akavuta pumzi ndefu, akashuka, akamshika Neema kwapani, akaanza kumburuta.

"Baba, anamchukua!"

Baba aliruka mawe ambayo sikuamini angeweza kuyaruka. Alimkuta Mama Safi akitoka bondeni, akamdaka mkono kwa nguvu hadi wakaanguka wote. Mama Safi alikuwa akihema, hakuweza kusema. Neema alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa, midomo imefifia. Kisha akavuta hewa kwa kelele, akatapika, akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Baba alipotaka kushuka kuchukua blanketi, Mama Safi alimkamata suruali. "Usiingie. Washa kibiriti."

Baba alisokota majani makavu, akayawasha, akapiga magoti na kuyashusha bondeni taratibu. Moto ulikufa kana kwamba umechovywa kwenye maji. Akajaribu tena, ukafa tena mahali palepale.

"Muchana upepo inapeperusha," Mama Safi alisema. "Mangaribi ikitulia, inajaa."

Tulihamia juu, karibu naye. Neema alilalia mapaja ya baba. Baba hakushukuru mara moja, na naona aibu kidogo kwa niaba yake. Aliuliza tena, safari hii polepole, "Umejuaje?"

"Mu makambi," akasema. "Njia ya Sake. Batu balikuya na mashitingi yabo, balilala mu mabonde kukimbia baridi. Asubuyi bengine habakuamuka." Akamtazama Neema. "Wa kwangu alikuwa mukubwa kama uyu."

Baba alichukua perege wetu mkubwa, akamwekea mbele yake.

Miezi kadhaa baadaye, kwenye mkutano wa mtaa, mtu mmoja alisimama akauliza kama kuna anayejua Mama Safi alikuwa wapi miaka ile ya vita. Watu walitazama miguu yao. Baba ndiye aliyejua, na nilimwona akisimama. "Huyo ni jirani yangu," alisema. "Tunavua pamoja." Akaketi. Nilikasirika. Nilidhani ameogopa.

Ilinibidi nikue, niishi miongoni mwa watu wenye mambo ya kuficha, ndipo nielewe kilichotokea kwenye kile kighuba. Kwa watu wetu wa wakati ule, kutoka makambi ya Kongo, walikojificha pia wauaji wa vita ile, kulitosha kumfanya mtu ashukiwe kwa lolote, na Mama Safi aliyajua mazuku, ile hewa ya kuua itokayo ardhini, kwa sababu tu alitoka huko. Hakuweza kutueleza moja bila kufichua la pili, tena mbele ya mtu aliyekuwa anamsikiliza kwa nia mbaya. Kwa hiyo alitupa neno moja, akitumaini litatosha. Lilipokosa kutosha, alivuta pumzi akashuka bondeni.