Glavu za Mkoba wa Jirani

Juzi kazini stoo iliishiwa glavu za buluu, tukaletewa boksi la zile nyeupe za zamani, zenye unga ndani. Za buluu ni mpira wa kiwandani usio na tone la utomvu wa mti, nasi tunazipenda kwa sababu haziwawashi watu ngozi. Zile nyeupe zinatokana na mti kweli, na harufu yake inakwambia hivyo ukizivuta tu. Niliinusa mara moja, rafiki yangu, nikawa tena darasa la nne, mwaka 2013, kijijini kwetu Kasulu, upande wa Nyakitonto.

Mpira wa mti tuliujua vizuri. Bondeni, chini ya shamba la muhogo la bibi, palikuwa na kichaka chenye mbungo, ule mmea unaotambaa juu ya miti na kuzaa mabungo. Tulikula mabungo hadi meno yakaingia ganzi, kisha tukalikwaruza gome kwa kisu, utomvu ukatoka mweupe, tukajipaka mkononi kuanzia kiwiko. Ukikauka unabandua, na vinyweleo vyako vinaondoka nao. Bibi alitufundisha kuviringisha vipande vile mpaka vikawa mpira unaodunda. Tabu ni kwamba kazi ya wiki nzima ilizaa mpira mdogo kama limau.

Mimi nilitaka mkubwa. Nilikuwa bingwa wa rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, na sioni haya kusema, na Jumamosi tulikuwa tucheze na wasichana wa ng'ambo ya barabara. Kila mtoto alijua kwamba ukipuliza kitu cha mpira, ukakizungushia matambara na vipande vya tyubu ya baiskeli, unapata mpira wa kuwatia wenzio wivu. Nilichokosa ni kitu cha kupuliza.

Enzi hizo mjamzito alijiandalia mkoba wa kujifungulia: kanga, wembe mpya, uzi, pamba na glavu, kwa sababu zahanati iliishiwa mara kwa mara. Jirani yetu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa Uvinza kikazi, kwa hiyo bibi ndiye angemsindikiza, na mkoba ukakabidhiwa kwake. Bibi aliutundika kwenye msumari, juu ya kitanda tulicholala wote wawili. Nikachukua jozi zote mbili za glavu. Jozi moja ilipasuka nikiipuliza. Ya pili ilitoa mpira uliodunda hadi kimo cha paa, na nilijiambia kwamba mtoto wa jirani bado yuko mbali.

Ijumaa ile, kabla ya adhuhuri, jirani alikuja ameshika kiuno. Tukaondoka taratibu kwenda zahanati, yeye ameegemea baiskeli iliyokokotwa na shemeji yake, mimi na mkoba kichwani. Muuguzi, mwanamke mkali aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, alimlaza jirani ndani, akaumimina mkoba juu ya meza ya barazani.

"Bibi, glavu ziko wapi?"

"Zilikuwemo. Nilizitia kwa mkono wangu."

Akaanza kumgombeza. Mtu mzima mzima, umeaminiwa kitu kidogo tu, huoni aibu? Bibi yangu, ambaye kijiji kizima kilimheshimu, alisimama akitazama mikono yake. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Bibi hakuzipoteza. Nilizichukua mimi, nikatengenezea mpira."

Muuguzi alinitazama. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Zangu ziliisha jana. Nikimzalisha kwa mikono mitupu tunaweza kuambukizana, mimi na yeye. Umenielewa?"

"Kimbia dukani, mwana wanje," bibi akasema, yaani mwanangu, kwa Kiha chetu.

Nikakimbia. Duka la pekee lililouza glavu lilikuwa la mzee mmoja mwenyeji wa Tanga, na nililikuta limefungwa. Ilikuwa saa ya sala ya Ijumaa. Nikaenda msikitini, pale barazani kwenye viatu. Kuingia nisingethubutu, na watu wakitoka kwa pamoja ningempoteza. Lakini kandambili zake nilizijua: ukanda wa moja ulikuwa wa tyubu, umekazwa kwa waya. Nikazichukua, nikazikumbatia, nikakaa kwenye ngazi. Walitoka wote, na yeye akabaki anatafuta.

"Binti, viatu vyangu hivyo."

"Shikamoo, mzee. Naomba kwanza unifungulie duka. Jirani yetu anajifungua na glavu hakuna."

Alitembea peku hadi dukani, akafungua, akanipa jozi tatu, akasema, "Nenda, Mungu awafanyie wepesi." Nilifika zahanati na glavu kifuani na kandambili zake bado kwapani.

Muuguzi alikuwa amevaa mifuko ya nailoni mikononi, ameifunga kwa vipande vya tyubu alivyokata kwenye keria ya baiskeli. Alikuwa tayari kuanza hivyo hivyo. Akaitoa, akanawa, akavaa glavu. Haukupita muda mrefu, tukasikia mtoto akilia. Alikuwa wa kike.

Baada ya wiki moja jirani aliniita, akaniwekea mtoto mapajani. "Nimempa jina lako," akasema, "kwa mbio zile." Hakuna aliyekuwa amemwambia kilichotokea barazani. Nilimtazama bibi, akageuza uso. Tulipofika nyumbani nililia, nikasema nakwenda kumweleza. Bibi alikuwa anamenya muhogo. "Mtoto amekwishapewa jina," akasema. "Ukisema leo, utakuwa umemnyang'anya yeye."

Nikanyamaza. Mwaka uliofuata jirani alimfuata mumewe Uvinza na kichanga chake. Muuguzi alihamishwa. Kichaka cha mbungo kimefyekwa, pamelimwa mahindi, na watoto wa pale hawajui ladha ya mabungo. Bibi tulimzika, naye hakuwahi kulitaja jambo lile tena.

Uvinza kuna binti anayeitikia jina langu, na bila shaka ameambiwa kwamba ni jina la msichana shujaa. Mbio nilikuwa nazo, hilo sikatai. Lakini nilikuwa nakimbia kurudisha nilichoiba, na bado naona aibu. Kwa miaka hii yote, tangu bibi aondoke, nimelibeba peke yangu. Sasa na wewe unalijua.