Nilivyomlea Papa wa Vilindini Watamu

Kazi ya kulea papa niliipata kwa sababu ya chumvi. Nilikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi Marereni, na kule tukitaka kujua maji yamekolea kiasi gani, tunayaonja. Mwenye hoteli mmoja Watamu aliposikia hivyo akanishika mkono. "Wewe ndiye mtaalamu wangu wa maji ya bahari!" Mtaalamu, na shule niliachia darasa la nane.

Papa mwenyewe alivuliwa na mjomba wangu kwa mshipi mrefu, huko nje ambako jua halifiki chini. Macho yake ya kijani kama chupa ya soda, mwili tepetepe. Bosi akamtia kwenye tangi la kioo karibu na mapokezi, jua lampiga usoni. Jumamosi wageni kutoka Nairobi wangekuja kumtazama.

"Akifa kabla ya hapo," bosi akaniambia, "na wewe huna kazi."

Mjomba alipopita kumjulia hali, alishika kiuno. "We mpwa, huyu katoka kwenye giza na baridi. Mbona mmemuanika kama muhogo?"

Basi nikatundika pazia jeusi, nikamwaga barafu. Barafu ikayeyuka, maji yakapoteza ladha. Nikaonja: uji wa mgonjwa. Nikatia chumvi. Nikaonja: kali. Nikatia barafu. Siku mbili nzima nilikuwa napika, na papa yuko chini ananitazama kama mtu aliyealikwa harusini akakalishwa jikoni.

Ijumaa asubuhi kageuka tumbo juu.

Nikamwendea bosi, roho mkononi. Akatazama mlangoni kwanza.

"Umemwambia nani?"

"Mjomba tu. Kamchukua, ataka ini alitoe mafuta ya kupaka mashua."

"Mjomba wako ana mdomo?"

"Mdomo anao, bosi. Wa kumsikiliza ndio hana."

Akafikiri. "Basi pazia lisifunguliwe."

Jumamosi wageni wakapanga foleni, mmoja mmoja achungulia kwenye tundu la pazia. Mama mmoja akamvuta mumewe shati. "Umeuona huo mkia?"

"Nimeuona! Mnyama mkubwa!"

Mtoto wao akachungulia pia. "Mbona mimi sioni kitu?"

"Kwa sababu hutulii," mamake akamjibu.

"Taratibu jamani, hapendi kelele," nikasema mimi, na sauti ikanitoka nzito kama ya daktari. Wote wakanyamaza. Mwengine hata alivua kofia.

Jumatatu bosi akanikuta na barafu yangu begani, maana hakuna aliyeniambia niache. Akasimama.

"Papa kala?"

Nikamtazama, nangoja acheke. Hakucheka.

"Kala," nikamwambia. "Lakini kidogo."

Akakunja uso. "Mjaribishe pweza."

Nikaweka barafu chini, nikaenda kutafuta pweza.