Bondeni Hakuna Mtandao

Mhandisi wa meli akiwa likizo hana kazi, ana simu. Mkataba ukiisha unashuka bandarini, unarudi kwenu, kisha unasubiri ofisi ya wakala Dar es Salaam ikupigie kukupa meli nyingine. Wakikukosa, wanampigia anayefuata. Kwa anayeishi Dar hilo si tatizo. Mimi kwetu ni Murungu, Kibondo, ambako nyumbani mtandao unapatikana chini ya mpapai ulio karibu na choo, na hata hapo usitikisike sana.

Nilikuwa mhandisi wa tatu. Jenereta na pampu za meli zilikuwa mikononi mwangu, na nilibakiza safari moja tu kutimiza miezi ya baharini inayotakiwa kabla ya mtihani wa mhandisi wa pili. Niliitaka safari hiyo kuliko kitu chochote. Nilishaanza hata kuwajibu watu kwa ukubwa wa cheo ambacho sina.

Majirani waliniletea pikipiki zao mbovu. Nilizitengeneza zote, maana nikikataa wangeendelea kuamini walichoamini tangu mwanzo, kwamba mwanamke huko melini kazi yake ni kupika. Mama yangu yeye aliniletea shamba. Lilikuwa chini bondeni, nyuma ya kilima, na likizo ile kazi zake hazikwisha. Tulipalilia maharage. Palizi ilipokwisha, mihogo ikawa lazima ichimbwe. Ilipochimbwa, ikawa lazima ilowekwe mtoni, na mtu abaki kuilinda, kana kwamba Murungu nzima ilikuwa inavizia mihogo yetu. Nilinung'unika lakini nilikwenda. Kwa mama yangu mtu hubishana akiwa njiani kwenda kufanya alichoambiwa.

Jioni moja nilikuwa napanda kutoka bondeni, simu ikashika mtandao na kuanza kulia mfululizo. Ofisi ilikuwa imenipigia tangu asubuhi. Ujumbe wa mwisho ulisema, "Dada, hupatikani. Nafasi tumempa mwingine. Pole."

Nilifika nyumbani na hasira zangu. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Aliniangalia usoni mara moja tu.

"Ni wale wa meli?"

"Mama, ulijua bondeni simu haishiki?"

"Ego," alisema, yaani ndiyo, bila kuacha kusonga. "Nilijua."

Nilimwambia maneno mengi. Nilimwambia ameniharibia maisha, nikamwambia mtihani ndio basi tena. Aliniacha nikamaliza. Kisha akaipua ugali, akakaa kwenye kigoda.

"Mimi nimetoka Burundi nikiwa mtoto," alisema. "Kila aliyeniambia naenda narudi, mpaka leo namsubiri. Sasa wewe unakwenda kwenye maji nisiyoyajua, unaniambia naenda narudi."

Hasira haikuniisha. Nilikula, nikaenda kulala.

Siku zilizofuata sikukanyaga bondeni. Nilikaa chini ya mpapai na simu mapajani kama kuku anayeatamia. Mama alishuka peke yake asubuhi na kupanda jioni na mzigo kichwani, hakuniomba msaada wala hakununa. Ingekuwa afadhali angenuna. Maharage yalishakauka na mawingu yalikuwa yanajikusanya, na mtu mmoja hawezi kung'oa shamba lile lote kabla ya mvua.

Asubuhi moja alinikuta palepale, akanyoosha mkono.

"Lete hiyo simu. Nenda kang'oe maharage, leo mimi ndiye nitakaa."

Nilisita. Nakiri nilimwona kama mtu anayeomba kulinda nyama aliyokwisha kuiiba. Lakini nilimwonyesha jinsi ya kuvuta ile alama ya kijani kupokea, naye akaijaribu kwa kidole kigumu cha jembe mpaka akaiweza. Njia nzima ya kushuka nilijilaumu. Nilikuwa na uhakika ikilia ataiangalia tu mpaka inyamaze.

Jua lilikuwa limeanza kuinama niliposikia sauti yake kutoka juu ya kilima, ile sauti ndefu ambayo watu wa kwetu hutumia kuitana kutoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine.

"Wanakuitaaa!"

Nilipanda mbio, maharage nimeyaacha chini. Nilipofika mpapaini simu ilishakatika. Mama alikuwa amerudi kusimama mahali pake, ameishika kwa mikono miwili. Nikapiga. Akapokea dada wa ofisini.

"Meli ipo," alisema. "Nataka uwe Dar wiki hii. Ila mama yako kanitoa jasho. Kaniuliza kama utarudi. Nikamwambia mkataba ni miezi tisa. Akasema hajauliza lini, ameuliza kama."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia hilo akuulize wewe mwenyewe."

Niliishusha simu. Mama alikuwa hatua moja mbele yangu, ananitazama, wala hakurudia swali. Miaka yote nimesimama chini kabisa ya meli, mawimbi yakigonga chuma upande wa pili, na sikuwahi kuwaza lolote zaidi ya mashine zangu.

"Nitarudi, mama," nilimwambia, na hapo ndipo nilipoiogopa bahari kwa mara ya kwanza.