Kitufe Alichokiona Yustina

Nilifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, nikasahihisha mitihani mpaka macho yakaomba miwani, lakini karatasi aliyoniletea shemeji yangu Yustina mwezi wa sita ilinishinda. Aliiweka juu ya meza, akavuta kigoda bila kungoja kukaribishwa, akasema, "Shemeji, nisomee. Nasikia nimefeli."

Yustina ni mjane wa mdogo wangu. Hapa Kintinku anajulikana kwa jambo moja: anachanja kuku. Kila baada ya miezi mitatu huchukua kiboksi cha baridi anachopewa na bwana mifugo, akapita nyumba kwa nyumba kumtilia kila kuku tone la dawa jichoni, asije akafa kwa kideri. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na mmoja. Kabla yake, kideri kikishapita, uliamka asubuhi ukashangaa ukimya, kumbe hakuna jogoo aliyebaki wa kuwika. Watu hawajasahau. Kuna nyumba ambazo hawamwiti kwa jina lake, wanamwita Mama Tone.

Mwaka huu shirika moja lilileta programu ya simu ya kuandikia chanjo. Simu ilikuwa moja kwa kijiji kizima, na atakayekabidhiwa simu ndiye atakayekabidhiwa na kiboksi. Kabla ya kuitoa, walimtuma binti mmoja anayeitwa Loyce aje aijaribu na watu watano wa kikundi cha wafugaji wa kuku. Aliwakalisha mmoja mmoja kwenye ofisi ya kijiji, akawapa mazoezi, akawa anatazama na kuandika. Mwenyekiti wa kikundi, Hezekia, akatangaza kwamba ripoti ikija ndiyo itakayoamua. Sasa ripoti ilikuwa imekuja, na Yustina amekaa kwangu kama mtu anayengoja hukumu.

Nikasoma. Hakukuwa na majina, namba tu. Yustina alikuwa Mshiriki Namba Nne. Alipewa mazoezi sita, akamaliza moja. Maelezo yalisema: katika zoezi la pili, la kuingiza idadi ya kuku, mshiriki alikaa kimya dakika sita. Hakukiona kitufe cha kuhifadhi. Pendekezo: kitufe kiongezwe ukubwa na kiwe chekundu. Washiriki wengine watatu nao walikwama palepale. Aliyemaliza mazoezi yote ni mmoja tu, Namba Mbili, na kila mtu alijua huyo ni Lea, binti wa jirani yangu.

Chini kulikuwa na jedwali la kuridhika. Wote watano waliipa programu alama tano kati ya tano.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikarudia. Mtu ameshindwa mazoezi matano, halafu ameridhika kabisa. Katika miaka yangu yote hakuna mwanafunzi aliyepata sifuri akaja kunishukuru kwa mtihani mzuri. Na chini kabisa waliandika kwa herufi nene: kumbuka, kilichopimwa ni programu, si washiriki.

"Kama kilichopimwa ni programu," Yustina akauliza, "mbona walioandikwa kushindwa ni sisi?"

Nikakohoa kidogo, maana mwalimu mstaafu naye ana heshima yake ya kulinda.

"Kwanza niambie," nikasema, "kitufe ulikiona au hukukiona?"

"Nilikiona. Kilikuwa cha kijani, kimeandikwa Hifadhi. Mimi si kipofu, shemeji."

"Sasa dakika sita zote ulikuwa unanyamazia nini?"

Alitazama mlangoni kabla ya kujibu. "Mzee Mazengo alikuwa amekaa pale kwenye benchi. Yule binti ananiambia, mama, ingiza idadi ya kuku wa Mzee Mazengo, na kila unachofikiri ukiseme kwa sauti. Nifikiri nini kwa sauti, na mwenye kuku ananisikiliza?"

Hapo nikaanza kuelewa, ingawa kwa nusu. Mzee Mazengo ni mlezi wa kikundi, hakosi shughuli yoyote ya kuku. Na kwetu hapa mifugo ya mtu haitajwi hesabu. Hata yako mwenyewe haihesabiwi kwa sauti, seuse ya mwenzio. Ni kuiitia mkosi. Ndiyo maana Yustina ana utaratibu wake. Akifika kwenye nyumba, mwenye kuku humpa bakuli la punje za mahindi, punje moja kwa kila kuku. Kuku mmoja akishatiwa tone, punje moja inahamia kwenye bakuli la pili. Zikibaki punje, basi kuna kuku waliokimbilia vichakani. Hakuna anayetamka namba. Yustina hurudi nazo kwake, akazihesabu kimyakimya na kuandika kwenye daftari. Kuandika kuku wa mtu kabla hajakupa punje ni kuingia kwenye boma lake bila hodi.

"Na hizo tano je? Kama programu ilikukwamisha, kwa nini ukaipa tano?"

"Mgeni ametoka mbali, amekunywa chai yangu, ananiuliza kwa upole, mama, umeipenda? Nimwambie mbili? Ningekuwa nimelelewa na nani?"

Nikamwambia nitampigia Loyce simu nimweleze yote. Akakataa katakata. Alisema nitamwaibisha binti wa watu kwa kosa ambalo hakujua kwamba ni kosa. Nikapandwa na hasira. Kazi ya miaka kumi na mmoja ilikuwa inamponyoka kwa sababu ya kitufe alichokiona vizuri kabisa, na yeye anahangaikia aibu ya mgeni. Nikamwambia mficha uchi hazai. Akanijibu kwamba yeye amekwisha kuzaa watatu, akachukua karatasi yake, akaondoka.

Wiki iliyofuata Loyce akarudi na simu iliyotengenezwa upya. Tukakusanyika kwenye ofisi ya kijiji. Alimwamkia Mzee Mazengo shikamoo huku amepiga goti, na mzee akaitikia vizuri; binti hakuwa na kasoro ya adabu. Hezekia akasimama akasema kwa jinsi matokeo yalivyo, simu anaikabidhi kwa Lea, ila mgeni ameomba waliokwama wajaribu tena kwanza. Akaanza na Yustina.

Loyce akawasha simu. Kitufe kilikuwa chekundu sasa, kimemeza nusu ya kioo. Hata mimi niliyekaa nyuma nilikiona.

"Mama, tunarudia lile la pili," Loyce akasema. "Ingiza idadi ya kuku wa Mzee Mazengo."

Yustina akaishika simu, akanyamaza. Ikapita dakika moja, ikapita ya pili. Loyce alitazama kitufe, akamtazama Yustina, akatazama kitufe tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetia chumvi mara mbili na mboga bado haina ladha. Hezekia alikwisha kugeuka upande wa Lea. Mimi nilikuwa nachemka. Nilitaka kusimama niseme, na papo hapo nikakumbuka nilivyokatazwa, nikabaki nimeshika goti langu.

Mzee Mazengo akainuka, akatoka nje bila kuaga. Nikadhani amechoka nasi. Nyumba yake ni ya pili kutoka ofisini, na haukupita muda akarudi na bakuli la bati. Akaliweka mezani kando ya simu, akarudi kwenye benchi lake, akageuzia uso dirishani.

Yustina akamimina punje kiganjani, akazipitisha moja moja kwa kidole gumba, midomo imefungwa. Akaandika. Akabonyeza kitufe. Akaendelea na zoezi la tatu, la nne, la tano na la sita, yote ya kuku walewale, bila kumuuliza mtu, kisha akaweka simu mapajani.

Loyce hakuwa ameandika kitu. "Mama," akasema taratibu, "naomba unieleze habari ya hizo punje."

Yustina akamtazama Mzee Mazengo. Mzee akasema bila kugeuka, "Mweleze. Mtoto wa watu hajui."

Akaeleza, kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. Loyce alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia Lea. "Dada, wewe siku ile uliandika ngapi?"

"Kumi," Lea akasema.

"Ulijuaje?"

"Sikujua. Niliweka kumi, simu ikakubali."

"Na zile nyumba nyingine ulizoongeza siku ile kwa kujaribu?"

Lea akatazama miguu yake. "Kumi."

Niliyemwona amefaulu alikuwa amebuni, na niliyemwona amefeli ndiye aliyekuwa anajua. Nikajiuliza ni watoto wangapi nimewapigia mstari mwekundu katika maisha yangu kwa sababu walikaa kimya, nikaona nisiendelee kujiuliza. Hezekia alijikuna kichwa, akamtazama Mzee Mazengo, akatazama simu iliyokuwa mapajani kwa Yustina.

"Basi ibaki hapo ilipo," akasema.

Kabla ya kuondoka, Loyce akatoa fomu yake. "Mama, la mwisho. Kutoka moja mpaka tano, programu unaipa ngapi?"

Yustina akainamisha macho, akaanza kukunja kona ya kitenge chake. Hata kwenye hesabu ya kuku hakuhangaika kiasi kile. Jasho lilimtoka puani.

"Mbili," akasema. "Unisamehe mwanangu. Na umetoka mbali."

Loyce akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru mara tatu, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nimegawa alama miaka thelathini na mmoja, na sijapata kumwona mtu aliyefurahia mbili namna ile.